Usitie Sahihi Mpango wa Kujifungua wa Mtu Mwingine

Mjamzito unayesoma hapa, kama kwenye simu yako au ndani ya mkoba wa kliniki kuna karatasi iitwayo mpango wa kujifungua, na karatasi hiyo ulipewa ikiwa imeshaandikwa, wewe ukajaza jina na tarehe ya matarajio tu, itoe leo uisome mstari kwa mstari. Usisubiri uchungu uanze. Tafuta kwanza sentensi inayosema kwamba hutaki sindano yoyote baada ya mtoto kutoka. Ukiikuta, ifute sasa hivi, kisha endelea kusoma hapa nikueleze kwa nini.

Karatasi hizi zinapita kwenye makundi ya WhatsApp ya wajawazito, shoga anamtumia shoga, na nyingine zinauzwa zikiwa zimepambwa kwa maua na nyayo za kichanga. Nyingi chimbuko lake ni Marekani na Uingereza. Mwalimu wa uzazi wa Marekani, Penny Simkin, pamoja na mwenzake, waliandika kuhusu mpango wa namna hii mwaka 1980, wakati ambapo wanawake wa huko walikuwa wamechoka kulazwa chali, kunyolewa na kuongezwa njia bila hata kuulizwa. Kilikuwa chombo cha mwanamke kusema, na ni chombo kizuri. Sina ugomvi nacho. Ninachopiga kelele ni kunakili wa mwenzio, kwa sababu aliyeuandika alikuwa na mwili wake, hospitali yake na barabara yake, na wewe kuubeba ni kama kuvaa miwani ya mtu na kwenda kuvuka barabara ya Morogoro.

Chukua sentensi hiyo ya sindano. Huko ilikotoka, mwanamke anaweza kuchagua kutochomwa na kusubiri kondo la nyuma litoke lenyewe. Lakini anayeshauriwa kwamba anaweza ni yule ambaye mimba yake haikuwa na tatizo, damu yake iko juu, mkunga wake yupo kando yake yeye peke yake, sindano imeshaandaliwa kwenye trei endapo mambo yatabadilika, na chupa za damu za kundi lake ziko jengo hilohilo. Hayo yote hayakuandikwa kwenye karatasi. Kilichosafiri hadi Temeke na Mwanza ni neno "sitaki" peke yake.

Hapa kwetu, katika utafiti wa kitaifa wa 2015-16, zaidi ya nusu ya wajawazito waliopimwa Tanzania walikuwa na upungufu wa damu. Mwanamke anayeingia leba akiwa na damu kidogo hana akiba ya kupoteza. Mimba ikikomaa, damu inayopita kwenye mji wa mimba ni zaidi ya nusu lita kwa dakika. Kondo linapobanduka, mishipa iliyokuwa inalilisha inabaki wazi, na kinachoifunga ni misuli ya mji wa mimba kujikaza na kuibana. Misuli hiyo ikichoka au ikilegea, mama anaweza kufa ndani ya saa mbili, tena akiwa amelala kimya, anasema tu kwamba anasikia kiu na baridi. Sindano inayokataliwa ni oksitosini, yuniti 10, inayochomwa mara tu mtoto anapotoka, na kazi yake ni kuifanya misuli hiyo ijikaze. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dawa ya kukaza mji wa mimba kwa kila mwanamke anayejifungua, awe na hatari au asiwe nayo, kwa sababu wengi wanaotokwa na damu nyingi hakuna aliyewatarajia. Kutokwa na damu baada ya kujifungua ndiko kunakoongoza kwa kuua wazazi duniani.

Najua kwa nini wengi wanaitikia hiyo "sitaki" bila kushtuka. Wameshasikia habari za dripu ya uchungu. Wanajua dada au jirani aliyewekewa dripu, uchungu ukamjia mfululizo bila kupumua, akaishia kupelekwa kisu. Basi wakiona neno oksitosini wanadhani ni hilohilo. Dawa ni ileile, ila kazi ni mbili tofauti. Ya kwanza huongezwa kidogo kidogo kabla mtoto hajatoka, na hapo una haki kamili ya kuuliza: kwa nini, nimefunguka sentimita ngapi, mapigo ya moyo ya mtoto yanapimwa kila baada ya muda gani, na ikishindikana tunafanya nini. Ya pili huja baada ya mtoto kutoka, na hapo hakuna mtoto tumboni wa kubanwa tena. Kuhusu ya kwanza, uliza maswali yote unayotaka. Ya pili iandike kwenye mpango wako kwa kuitaka: naomba nichomwe sindano ya kuzuia damu, na msindikizaji wangu aambiwe imeshachomwa.

Sentensi nyingine ya kufuta, au angalau kuandika upya, ni ile inayosema saa ya kwanza baada ya kuzaa mama na mtoto wasisumbuliwe na mtu. Ina wazo jema ndani yake. Mtoto kulazwa kifuani ngozi kwa ngozi, kitovu kusubiri dakika moja mpaka tatu kabla ya kubanwa, titi la kwanza ndani ya saa moja, yote hayo ni mapendekezo ya kitaalamu na uyaombe kwa sauti. Lakini saa hiyohiyo ndiyo mkunga anatakiwa kukushikashika tumbo kuona kama mji wa mimba umejikaza, kukupima presha, na kuangalia damu. Usimfukuze. Katika baadhi ya hospitali utawekewa mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo chini ya makalio. Mfuko huo unachukiza kuutazama, nakubali, ila una historia ya kujivunia: ulikuwa sehemu ya utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, matokeo yakatangazwa 2023. Wakunga walipopima damu badala ya kuikadiria kwa macho, na wakatoa tiba zote kwa pamoja mara damu ilipozidi, visa vizito vilipungua kwa asilimia 60. Macho hudanganya, hata ya mkunga wa miaka mingi, hasa damu ikiwa imenyonywa na kanga.

Kuna na ushauri wa kubaki nyumbani. Karatasi nyingi zinasema usiende hospitali mpaka uchungu uje kila baada ya dakika tano, udumu dakika moja, na hali hiyo iendelee saa nzima. Kwa mtu wa Upanga anayejifungua mtoto wa kwanza na ana gari mlangoni, sawa. Kwa mtu wa Chanika anayetegemea bajaji usiku wa mvua, hesabu hiyo inamzalisha njiani. Mtoto wa tatu au wa nne hana subira ya saa nzima. Na kwa anayeishi Mafia au Ukerewe, ambako kupelekwa hospitali kubwa maana yake ni chombo cha majini, hesabu inaanza siku nyingi kabla ya uchungu: kukaa kwa ndugu karibu na hospitali, au kwenye nyumba ya wajawazito ya kusubiria, pale ilipo. Muulize nesi wa kliniki yako swali hili kwa maneno haya: mimi ninayekaa pale ninapokaa, na historia yangu hii, nikianza kusikia nini niondoke nyumbani? Jibu lake ndilo liandikwe. Na ziko dalili ambazo hazina hesabu ya dakika kabisa: damu kutoka, chupa kupasuka, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, degedege, mtoto kupunguza kucheza. Hizo ni kuondoka wakati huohuo.

Wakati unasubiri nyumbani ndipo kikombe kinapoletwa. Hili halimo kwenye karatasi ya Marekani, na ndilo linaloniogopesha zaidi. Shangazi au mama mkwe anakuja na maji ya mizizi, anasema ni ya kufungua njia, kunywa tu, sisi sote tulikunywa. Siku hizi wengine hawahangaiki na mizizi, wananunua vidonge vya misoprosto kimyakimya kwenye duka la dawa ili kuanzisha uchungu. Nia ni njema na mkono ni wa mtu anayekupenda, lakini hakuna anayejua kipimo cha kilichomo kwenye kikombe, na kidonge kilichopimwa kwa kazi nyingine kinaweza kuukaza mji wa mimba mpaka ukachanika. Mwenye kovu la upasuaji wa uzazi uliopita yuko hatarini zaidi kuliko wote. Dalili yake hudanganya: uchungu uliokuwa mkali unakatika ghafla, watu wanashukuru, kumbe mji wa mimba umepasuka na mtoto yuko nje yake. Kama umeshakunywa, usione aibu kumwambia mkunga ukifika. Mwambie ni nini, kiasi gani na saa ngapi. Akigomba, agombe, anahitaji kujua kabla hajakuwekea dripu juu yake.

Sasa yale ambayo karatasi ya kunakili imeacha wazi. Inakuuliza muziki gani upigwe, taa ziwe za namna gani, nani akate kitovu. Haikuulizi nani ataamua. Mume yuko Tunduma na lori, simu yake haipatikani, daktari anataka kukupeleka chumba cha upasuaji, na ndugu waliopo wanasema hatuwezi kuamua bila mwenyewe. Mwanamke mtu mzima mwenye fahamu zake anatia sahihi ridhaa yake mwenyewe, lakini wengi hunyamaza wakisubiri simu ipokelewe. Kaa na mume wiki hii, si mwezi ujao, aseme mbele ya ndugu zako na zake: nisipopatikana, yeye mwenyewe anaamua, na akiwa hajitambui, fulani anaamua. Liandikwe jina la huyo fulani na namba zake mbili. Watafiti Thaddeus na Maine walieleza mwaka 1994 kwamba mama hufa kwa kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Aina ya kwanza iko sebuleni kwako, na haigharimu chochote kuimaliza.

Hela nazo. Sera ya Tanzania ni kwamba kujifungua katika kituo cha serikali hakulipiwi, ila kila aliyezaa anajua kwamba mara nyingi utaambiwa uje na glovu, mpira wa kutandika, kibanio cha kitovu, pamba na pedi. Nunua mapema, weka kwenye mfuko mmoja pamoja na kanga safi, na mfuko ukae mahali ambapo hata mtoto wa shule anaweza kuuchukua. Hela ya dharura iwe kwenye simu ambayo namba yake ya siri unaijua wewe au msindikizaji wako. Akiba iliyofungiwa kwenye simu ya mtu aliye safarini ni sawa na kutokuwa nayo.

Damu ndiyo watu wanaifikiria wakiwa wameshachelewa. Uliza mapema mahali utakapojifungulia: mna damu hapa, au inafuatwa wapi, na inachukua muda gani usiku? Chumba cha upasuaji kinafanya kazi Jumapili? Zahanati haifanyi upasuaji, na hilo si kosa lake, ila wewe ujue kabla. Tafuta ndugu wawili watatu wenye afya, umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, waende wachangie kwenye kituo cha damu salama kabla ya mwezi wako. Damu haiuzwi, na atakayekutajia bei mripoti kwa mganga mfawidhi.

Na usafiri. Tanzania ina namba 115 ya mfumo wa m-mama, haina makato, inapokea simu usiku na mchana kwa dharura ya mjamzito, mzazi au kichanga, na mahali pasipo na gari la wagonjwa karibu hutuma dereva wa jamii aliyesajiliwa. Iandike ukutani kwa kalamu nene, na mwenye simu asiyejua kusoma afundishwe kuibonyeza. Andika pia jina la dereva wa jirani, na ukubaliane naye bei ya usiku sasa hivi akiwa hana haraka.

Baada ya hapo ndipo mpango unakuwa wako wewe. Chukua kadi ya kliniki, kaa na nesi, na muanze na kilichoandikwa mle, si na ndoto. Kundi lako la damu ni lipi? Kama ni hasi na mtoto akazaliwa chanya, kuna sindano ya anti-D ambayo unapaswa kuipata ndani ya saa 72, na kwa kuwa vituo vingi haviiweki, familia inatakiwa ijue itanunuliwa wapi na kwa bei gani kabla ya siku yenyewe. Ulishapasuliwa? Andika mwaka, hospitali na sababu. Ulitokwa na damu nyingi mara ya mwisho, au kondo lilibaki? Una mapacha? Presha ilipanda mwezi wa nane? Kila jibu la ndiyo linabadilisha mahali pa kujifungulia, na mahali ndiyo mstari mzito kuliko yote kwenye karatasi hii. Mwenye kovu hapangi kuzalia zahanati kwa sababu nesi wa pale ni mpole. Mwenye presha hapaswi kutembea na karatasi inayokataa dripu na sindano zote, kwa sababu dawa ya kuzuia kifafa cha mimba inakuja kwa njia hizohizo.

Jambo moja la faragha, ambalo sijaliona likitajwa popote. Karatasi unayompa msindikizaji itasomwa na wifi, na jirani aliyekuja kukusalimia. Kama unatumia dawa za kupunguza makali ya virusi na hujamwambia mtu, usiandike humo. Kadi yako inalo, mkunga ataliona. Wewe kubaliana na nesi peke yenu wawili jinsi mtoto atakavyopata dawa yake mapema baada ya kuzaliwa bila nyumba nzima kujua.

Wala tahadhari hii isiwe fimbo mikononi mwa mkunga atakayesema tuliwaambia hizo karatasi ni upuuzi. Yapo mambo ambayo ni haki yako kuyataka na hakuna anayepungukiwa kitu: kuwa na msindikizaji unayemchagua, kutembea na kubadili mkao, kunywa na kula kidogo kama huna tatizo, kufunikwa, kuelezwa kabla ya kupimwa njia, kutonyolewa, kutowekewa enema, kutoongezwa njia bila sababu, na mtu asikukandamize tumbo kusukuma mtoto. Yote hayo yanaungwa mkono na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018. Ila uliza mapema ni lipi linawezekana pale. Wodi isiyo na mapazia kati ya vitanda itakataa mume lakini inaweza kumkubali mama yako, na ni afadhali ulijue hilo kliniki kuliko mlangoni. Halafu namna ya kuandika. Mkunga mmoja mwenye wazazi sita usiku mmoja akipewa kurasa tatu zinazoanza kila mstari na "sitaki", anasoma ugomvi. Ukurasa mmoja unatosha: juu historia yako na simu za watu wako, chini yake maombi manne au matano, mwisho sentensi inayosema kwamba hali ikibadilika naomba nielezwe kisha tuamue pamoja.

Kwa msomaji wa Kenya, karatasi za zamani zina tatizo la ziada. Zinakutuma uende na usajili wa Linda Mama, mpango wa huduma ya kujifungua uliozoeleka tangu 2016. Tangu Oktoba 2024 mfuko wa bima ya afya, NHIF, umeondoka na mamlaka mpya, SHA, imeshika nafasi yake, na huduma hiyo inaitwa Linda Jamii. Kamilisha usajili na uthibitishe hali ya michango yako ukiwa bado unaweza kutembea kwenda kuuliza.

Kuhusu mtoto sitakawia. Vitamini K, miligramu 1 pajani, humkinga kichanga na kuvuja damu, hata ndani ya kichwa. Kama karatasi yako inaikataa, futa. Dawa ya macho vivyo hivyo. Chanjo za siku ya kwanza usizifanyie majadiliano ukiwa na usingizi.

Mwisho wa mpango usiwe kuzaliwa kwa mtoto. Wodi zimejaa, kitanda kina wazazi wawili, na ukijisikia una nguvu utatamani kuondoka baada ya saa sita. Andika kwamba unaomba kubaki saa 24, kwa maana hizo ndizo saa za hatari kubwa, na umpe msindikizaji kazi ya kuhesabu pedi. Mkishafika nyumbani, pedi ikilowa chapachapa ndani ya saa moja, mabonge makubwa yakitoka, au mzazi akizimia anaposimama, asipewe uji wa pilipili manga wala kuambiwa ni uchafu unatoka. Piga 115 na aondoke usiku huohuo, mtoto abebwe naye anyonye njiani, na atakayempokea aambiwe mtoto alitoka saa ngapi, kwa sababu moja ya dawa za kuzuia damu inafaa tu ikitolewa ndani ya saa tatu tangu kujifungua, na muda huo ukipita mganga lazima ashike njia nyingine mara moja.